Kwa Kunegunda, Niliyemtania Mbele ya Wakwe

Mjukuu wangu Kunegunda,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Kwanza nikukumbushe kwamba jina lako nililitoa mimi kwenye kitabu kikubwa cha watakatifu, nilichokisoma chote, Kilatini na kila kitu.

Haya, nimedanganya. Darasa la tatu nililoishia halikufika kwenye Kilatini. Katekista ndiye aliyekuwa akisoma majina, mimi nimekubeba. Jirani yetu alikuwa amembatiza wa kwake Adelgunda, anatamba kijiji kizima. Nikasema nipe linalozidi hilo. Marehemu mama yako alilia. "Baba, mtoto ataandikaje jina hili?" Nikamwambia ataandika polepole.

Ukakua nalo hapa Mungaa. Nilikuita mke wangu, bibi yako akakuita mke mwenzake, nawe ulinijibu bila huruma: "Mume gani huyu, mahindi ya kuchoma mpaka nimtafunie?" Nilikuwa nacheka mpaka nakohoa.

Siku ya posa nilidhani tunaendelea na utani uleule. Wageni walitoka Mbeya, wamevaa makoti kwenye jua lote lile, kimya. Nikawaambia mmechelewa, huyu ni mke wangu na tumeshazaa wawili. Kwetu hapo mgeni anakuomba umwache huyo mke, watu wanacheka, mambo yanaendelea. Ndipo wale watoto wawili wa marehemu dada yako, uliokuwa unawalea, wakaingia mbio na kukung'ang'ania kitenge: "Mama! Mama!"

Mjomba wa yule kijana aliyekuja kukuposa akaweka kikombe chini. "Mzee, hawa ni watoto wa nani?"

"Si nimeshakwambia? Wetu!"

Bibi yako alinifinya paja. Wewe ulinitazama tu. Neno moja lingetosha, sikulisema. Wakaaga kwa adabu, hawakurudi.

Sasa kuna jambo hulijui. Wiki iliyofuata yule kijana alikuja peke yake, wewe umepeleka alizeti mjini kukamua. Akaniamkia, akaniuliza kwa heshima kama wale watoto umewazaa wewe. Siku hiyo sikuwa natania, Kune. Nikamjibu, "Kamuulize anayejua." Akashika begi lake akaondoka. Nilijua ninachofanya. Mama yako nimemzika, dada yako nimemzika, nikaona nawe ukienda Mbeya nyumba itabaki na wazee wawili wanaonuniana. Na bado ukaondoka. Ukawashika watoto mkono ukaenda Tabora, na huku nyuma watu wakasema, unaona, kweli ni wake.

Mwezi uliopita katekista wetu mpya alinisomea habari za jina lako. Kunegunda mmoja alikuwa mke wa mfalme wa Wajerumani, miaka kama elfu iliyopita. Walimzushia kwamba ana mwanamume wa nje. Ili ajisafishe, wanasema, alitembea pekupeku juu ya majembe ya plau yaliyochomwa mpaka yakawa mekundu, asiungue. Mwingine aliolewa na mtawala wa Poland, na wachimba chumvi wanamwomba awasimamie. Hapo nikadakia kwamba sisi Singida tuna maziwa ya chumvi na hakuna mtakatifu hata mmoja aliyetujali. Katekista akacheka. Mimi nilikuwa bado niko kwenye yale majembe. Katika akina Kunegunda wote hao, ni wewe tu uliyechomewa majembe na mtu aliyekupa jina.

Jumatano nikasimama kwenye jumuiya nikasema: wale watoto Kunegunda hakuwazaa, mimi ndiye niliyemharibia. Wakacheka! Mwenyekiti akawa anafuta machozi, "Babu huyu, jamani!" Ndiyo maana nimeandika. Karatasi moja itabandikwa mlangoni mwa kanisa, nyingine imekwenda Mbeya kwa yule kijana. Sijui kama ameoa. Sikumwandikia arudi, nimemwandikia ajue.

Msamaha siuombi leo. Kasirika mpaka utosheke. Ila kuna kitu nakudai. Nilipokufundisha baiskeli ukanibwaga kwenye miiba, uliniahidi kwamba nikizeeka utanikata kucha za miguu. Nimezeeka. Mgongo haukunjiki, na bibi yako akishika wembe anakata nyama. Njoo unikate, hata kama hutanisemesha.

Ni mimi babu yako, mzaa mama.