Kipande Kisichosikika

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimemhoji Profesa wa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Hatimaye! Muda wote huu alikuwa ananizungusha — leo nina mgonjwa, kesho nina kikao — kumbe ukimkalisha chini hanyamazi. Sebule imejaa chupa za mahindi yaliyoota ukungu, kila moja na kikaratasi chake. Chai nilikunywa kwa wasiwasi.

Nikamuuliza swali ninalowauliza wanawake wanasayansi wote wa kitabu changu: nani alikufundisha kazi? Nilitegemea anitajie mwalimu wa chuo. Akacheka. Kulikuwa na msichana mmoja maabara, akasema, tukimwita Mizani, mkono wake haukosei hata chembe. Ile njia ya kupima sumukuvu bila mashine kubwa, iliyompa yeye uprofesa — Mizani ndiye aliyeianza. Halafu akaacha kazi. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na pumu, kila wiki hospitali. Wakamshikia nafasi mwaka mzima. Hakurudi.

Mizani! Mjomba anamwita mama hivyo mpaka leo. Nilidhani ni kwa ule ubishi wake wa vipimo sokoni. Na mtoto mwenye pumu ni mimi.

Mama siku zote ametuambia alipunguzwa kazini. Profesa hajui mimi ni nani, na sikumwambia.

Jumanne, 4 Juni

Mama ndiye anayenichapia mahojiano yote. Meza ya chakula, hedifoni kichwani, miwani puani. Ananirekebisha: "Mwanangu, hapa umenukuu asidi, mwenzio amesema alkali. Hujui tofauti?" Najua, mama. (Sijui.)

Leo kauliza rekodi ya Profesa iko wapi. Nikasema imeharibika, kifaa cha kurekodia kiliisha chaji. Nimedanganya bila hata kukohoa! Akasema pole, utarudi tu, huyo anapenda kuongea. Nikamuuliza kama walifahamiana. "Tulipishana kazini," akasema, akaendelea kuchapa.

Moyo unaniuma. Wanawake kumi na wanane nimewarekodi. Nimepanda milima kuwafuata! Na huyu wa nyumbani nimemfanya karani wangu.

Alhamisi, 6 Juni

Mhariri kapiga. Sura ya Profesa anaitaka Jumatatu, kitabu kinaingia mitamboni. Nikamuuliza: na kama ile njia aliianza mtu mwingine? Akasema, si Profesa mwenyewe kakiri? Basi iandike, tena itanoga. Kwake rahisi.

Nikiandika, mama atajua kwamba nimejua. Nisipoandika, nitakuwa nimemfuta mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Na kuna hili, niseme tu, hapa hasomi mtu — naogopa. Naogopa nimuulize, anijibu ndiyo, ilikuwa kwa ajili yako. Kifua kimebana tangu asubuhi. Dawa yangu ya kuvuta nimeivutia chooni kama mwizi, asinione.

Jumamosi, 8 Juni

Loo! Nimejimaliza mwenyewe. Nimemwachia mama flashi achape rekodi ya daktari mmoja wa mifugo, nikasahau ya Profesa imo humo humo. Narudi kutoka sokoni — zote mbili zimechapwa, karatasi zimepangwa mezani. Mama yuko jikoni anaosha vyombo, anaimba kwa mbali.

Nikasoma nimesimama, mfuko wa vitunguu bado mkononi. Kila kitu kipo, hata vikohozi vya Profesa. Nikafika pale pa Mizani. Ameandika: *haisikiki*. Kisha mazungumzo yanaendelea na mahindi.

Mama yangu huyu! Aliyerudia rekodi ya bibi mmoja asiye na meno asubuhi nzima mpaka akaipata! Nikavaa hedifoni. Profesa anasikika kama amekaa pembeni yangu.

Hakuuliza kwa nini nilisema imeharibika. Alifuta mikono, akasema ile ya Profesa kumbe ni nzima, ila kuna kipande hakisikiki, nikiruke. Nikasema haya. Haya! Ndicho nilichosema, mtu mzima mimi.

Jumapili, 9 Juni

Sikuweza. Baada ya chai nimemwekea kifaa mbele yake. Nikamwambia mama, kile kipande kinasikika, nimekisikia chote. Nataka kukuhoji wewe. Uingie kitabuni.

Akakikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. Akasema alifanya kazi miaka sita tu, watu watacheka. Na wacheke, nikasema. Kisha nikaangua kilio, mjinga mimi, kamasi zinanitoka — mama nisamehe, nisingekuwa mgonjwa mimi —

"We! Nyamaza. Nani kakuuliza habari zako?"

Kaenda kuvaa blauzi ya bluu. Nimempigia kelele kwamba ni sauti tu, hakuna picha. Kajibu kutoka chumbani kwamba hajawahi kuhojiwa maishani na hatahojiwa na nguo za kuoshea vyombo. Naandika huku namsubiri. Wale wote niliwaendea na maswali tayari; kwake sina hata moja.

Amerudi. Kajipaka mafuta. Amekaa wima, mikono mapajani, kama anapigwa picha ya pasipoti. Anasema tuanze na siku ya kwanza maabara, twende taratibu, nisirukeruke. Nikamuuliza: na mimi je, tutanifikia?

Kanitazama juu ya miwani.

"Wewe hujazaliwa bado. Bonyeza."