Kiganja Chako Ukutani

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili asubuhi, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za kazi? Wifi na watoto wanaendeleaje? Na goti lako, limepona au bado unalidanganya kwa mafuta ya kuchua? Sisi huku wazima. Baba ana afya ya kutosha kugombana na watu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Habari kubwa ni ukuta. Wiki tatu zilizopita mvua ilinyesha mchana kutwa, na ule ukuta unaotutenganisha na Mama Mapazia ukaanguka upande wake, ukalalia banda lake la kushonea. Namshukuru Mungu alikuwa ameingia ndani kuchemsha chai. Cherehani ilivunjika, na mapazia ya watu yakawa matope matupu.

Alikuja kuuliza tutamlipaje. Baba, na uashi wake wa miaka arobaini, akaja juu. “Ukuta ule uliujenga wewe ulipohamia. Ukuta wangu mimi hauanguki!” Mama Mapazia akamjibu, “Mzee, mimi niliupiga lipu na rangi tu. Ukuta niliukuta.” Kila mmoja akavutia kamba kwake.

Kaka, niliogopa, na si kwa sababu ya tofali. Tangu Mama atutoke, mimi nikiwa kazini ni Mama Mapazia anayemchungulia Baba, anamkumbusha dawa na kusikiliza hadithi zake zile zile kana kwamba ni mpya. Sasa akawa haji. Nikirudi jioni namkuta Baba amekaa peke yake, redio imezimwa, dawa za mchana hazijaguswa. Nililia jikoni, nikijifanya nakata vitunguu.

Jumamosi moja, wiki mbili zimepita sasa, nikachukua koleo nikaenda kuondoa kifusi. Baba akaja kusimamia, yaani kunikosoa. Mama Mapazia naye akatoka, mikono kiunoni. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Nikageuza tofali la chini kabisa, na hapo nikakuona wewe.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akifyatua tofali uani, na la kwanza la kila kazi lazima ulipige kiganja likiwa bichi? Kiganja kilikuwa pale, kidogo, kidole cha mwisho kimepinda vile vile tangu ulipoanguka kwenye ngazi. Baba akachuchumaa, akaweka mkono wake juu ya alama yako. Halafu akasema, “Ukuta ni wangu. Nimezeeka, nimesahau. Nisamehe, mama.”

Mama Mapazia angeweza kumcheka. Badala yake akaokota kipande cha lipu, akatuonyesha jinsi alivyoziba matundu yote ya kutolea maji. “Na hili ni langu,” akasema. Maji yalikosa pa kupita, yakausukuma ukuta.

Basi wameelewana bila kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Baba amemnunulia cherehani na anamjengea banda. Saruji ya ukuta ananunua Mama Mapazia. Mimi ndiye kibarua. Baba hawezi tena kuinua tofali, kwa hiyo anapima unyoofu kwa timazi na kuniambia napanga kama mlevi. Mgongo unaniuma, lakini dawa anakunywa kwa wakati na redio inaimba.

Wasalimie sana Wifi na wanangu. Waambie shangazi yao sasa ni mwashi. Baba anakusalimu, Mama Mapazia pia.

Limebaki jambo moja. Tofali lako Baba analirudisha ukutani, safari hii usawa wa uso, alione bila kuinama. Anataka kiganja kielekee kwetu. Mama Mapazia anasema kielekee kwake, kwa kuwa ndicho kilichomtetea. Wamekubaliana uamue wewe, na nafasi ya tofali hilo imeachwa wazi. Kila asubuhi wanasalimiana kupitia hapo, na gumzo haliishi. Kwa hiyo, Kaka, nakuomba: usiharakishe kujibu.

Mungu akulinde uendako na urudipo.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kasuku