Semeni Amekataa Nyumba

Baba Kulwa,

Mbwa wako Semeni amenichosha. Naanza na hilo, nisije nikalia kabla sijasema.

Tulipokwisha kukuzika Geita, kaka yangu Masanja alikuja na lori kutuchukua, mimi na watoto, turudi kwetu Ushirombo. Nikampakia na Semeni. Katikati ya pori lori likapunguza mwendo kwenye mchanga, akaruka. Niliita mpaka sauti ikakauka. Dereva akasema, "Mama, huyo sasa ni wa fisi."

Nikaamini. Mbwa aliyekula ugali mkononi mwako! Aliyemkimbia jogoo! Angeishije?

Ameishi. Warina asali walimkuta akifukua panya kwenye kichuguu. Baadaye wakamwona na kanga wa porini mdomoni. Eti amejua kuvizia upepo ukimjia usoni. Nani kamfundisha? Si wewe, uliyeogopa hata kenge.

Kisha akafika huku kwetu, akakamata mwanambuzi wa Masanja. Masanja akashika mkuki. Nikamwambia, "Kaka, niachie mimi." Nikaenda porini na kamba, nikamwita. Akaja, mjinga yule, sikio limechanika, ananuka mzoga. Nikamfunga nyuma ya ghala.

Siku nne hakugusa chakula. Nikampikia dagaa, mimi, ambaye watoto wangu wanakula mlenda! Akageuza uso. Nikamtukana. Nikakutukana na wewe, Mungu anisamehe, kwa kuniachia kiumbe kisichosikia.

Siku ya tano nikatembea naye tangu alfajiri hadi jua la utosi, mbali na mazizi yote, nikamfungua. Hakugeuka hata kunitazama. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia kwa hasira.

Maana asubuhi ile ya mwisho tuligombana kwa sababu yake. Alikuwa amekula nyama ya mgeni, nikakwambia, "Chagua, mimi au mbwa." Ukacheka, ukaenda shimoni kuchimba dhahabu. Mchana wakaja kuniambia ukuta umeporomoka. Mume wangu, ilikuwa hasira ya nyama tu. Ungerudi, ningekupakulia kama kawaida.

Masanja amekubali kumwacha, asipokaribia zizi. Akikaribia, nitamfukuza mwenyewe kwa mawe, lakini mkuki haumgusi nikiwa hai. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Baba Kulwa. Watoto hawajambo. Mimi bado nimekasirika, na kila Jumapili nakuombea.

Mama Kulwa