Kifungu Nilichokiruka Barazani

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye sala nalizungukazunguka tu. Siku ile nilipowasomea sheria ya kupiga kura, barazani kwako Mwananyamala, niliruka kifungu kimoja. Si kwamba kilinishinda. Nilikielewa vizuri, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nikakiruka.

Unakumbuka ilivyokuwa. Kikundi chenu chote cha ngoma mmekaa mkekani na kanga zenu za sare, mie katikati na ile karatasi ya serikali ambayo baba alinipa nifanyie zoezi la kutafsiri. Mie ambaye hata chumvi dukani naiomba kwa kunong'ona! Ukasema, "Soma mwanangu, usitafune maneno. Hawa hawang'ati." Nikasoma. Nilipofika pale kwamba kila mpiga kura sharti achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake haihesabiwi, Bi Mgeni akadakia: "Kumbe ni kama yule muuza nazi wa Tandale, ukitaka moja sharti ubebe tatu!" Mkacheka mpaka chai ikamwagika. Wewe ukasema, "Tutazibeba zote tatu, mradi tuingie sokoni."

Kifungu kilichofuata ndicho hicho. Kilisema nani anaruhusiwa kuandikishwa: mwenye kipato kikubwa, au aliyesoma sekondari, au mwenye cheo fulani. Nikainua macho nikawaona mnavyonisubiri. Hamkuwamo hata mmoja. Nikajisikia nasema, "Kila mtu mzima anaandikishwa." Vigelegele vile, shangazi, bado navisikia. Ulinikumbatia ukaniita wakili wako.

Wiki iliyofuata tukaenda ofisi ya kuandikisha wapiga kura, umenishika mkono kama vile mie ndiye ninayekupeleka. Karani akakuuliza umesoma mpaka wapi.

"Nimehitimu Kurani, juzuu zote thelathini."

"Hiyo ya akhera, mama. Ya hapa duniani je?"

"Kwani wewe akhera utaiendea kutokea wapi, kama si hapa?"

Watu wote wakacheka, hata yeye mwenyewe. Lakini daftari alilifunga. Mie nilikuwa nyuma yako natazama vidole vya miguu yangu, na neno moja tu lingetosha. Njiani ukasema, "Yule kanichukia sura tu. Sheria si mwanangu kaisoma?" Afadhali ungenichapa.

Nilidhani mambo yameishia pale. Jana ikaja barua yako kutoka huko Kilwa ulikokwenda, ile uliyomwambia binti yako akuandikie. Unasema umewakusanya wanawake wa huko, mwisho wa mwezi mnakwenda kwa mkuu wa wilaya, nawe utamwambia mbele ya watu wote kwamba karani wa Dar es Salaam alivunja sheria. Shangazi, hakuivunja. Mkuu huyo Mzungu atafungua kitabu chake akuonyeshe kifungu kilipo, nao watu watakucheka kwa uongo wangu.

Kwa hiyo nimeitafsiri sheria ile upya, yote, neno kwa neno, na karatasi nimezikunja humu ndani. Binti yako akusomee. Siombi muache kwenda. Nendeni, ila swali mlibadilishe. Msiulize karani kavunja nini. Ulizeni nani alikaa akaandika kwamba mwanamke aliyelea watoto saba, akazika wawili, akalima shamba lake mwenyewe, hana haki ya kuulizwa nani aiongoze nchi yake. Kila mtu anasema tunakaribia kujitawala. Basi watuambie hao watakaojitawala ni akina nani. Kwa swali hilo kitabu chake hakitamsaidia.

Na mie huku sikai kimya. Nimeshamwambia Bi Mgeni awaalike wenzake Jumapili, barazani palepale. Nitaanza na kifungu hicho. Nikishindwa kuinua macho nitasoma nimeinama, lakini nitasoma, na nitasema ni mie niliyekificha. Wakinizomea, wana haki.

Radhi siiombi kwa karatasi. Nitaiomba kwa mdomo ukirudi, nimepiga magoti.

Navisikia viatu vya baba uani, anarudi kutoka kazini. Unajua alivyo: ni karani wa serikali, siasa amekatazwa huko, nasi ametukataza hapa. Mkono wangu umeshainyanyua hii karatasi niisukume chini ya mkeka, kama nilivyozoea kuficha kila kitu. Nimeirudisha mezani. Posta anapita yeye kila asubuhi, nami nitamwomba aipeleke. Akitaka kuisoma kwanza, na aisome.

Anafungua mlango. Ubaki na afya njema, shangazi, na wanawake wa Kilwa nawaamkia wote.

Ni mie, binti wa kaka yako, niliyekudanganya.