Kable Ambayo Kambale Hakuiachilia

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, Lubumbashi, Jumatano tarehe 5 Februari 2025, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya Dominique Kunda, afisa wa upelelezi.

Jina langu ni Mumba Chama. Nina miaka arobaini na mmoja. Ni motard, nabeba abiria na mizigo kwa pikipiki. Nilizaliwa Mitwaba, na sasa nakaa avenue Mulombwa namba 27, hapa Lubumbashi. Polisi hawakuniita. Nimekuja mwenyewe.

Mnamo tarehe 2 Februari, siku ya Jumapili, mama yangu alinipigia simu kutoka Mitwaba. Aliniambia majirani wanafunga vitu vyao kwa kuogopa watu wenye silaha, na wengine wameanza kulala porini. Mama ana miaka sabini na mbili na magoti yake ni mabaya. Nilimwambia nakuja kumchukua. Mchana huohuo pikipiki yangu ikaanza kuzimika kila injini inapopata joto, na jioni ilikataa kuwaka kabisa.

Pikipiki hiyo si ya kabureta. Ina kompyuta ndogo chini ya kiti, ambayo ndiyo inapima petroli ya kuingia kwenye injini. Katika mtaa wetu mtu anayejua kazi hiyo ni mmoja, Kambale, fundi wa umeme wa magari. Anafanyia kazi kwenye barza, ukumbi wa nje wa nyumba yake. Alitoka Butembo, upande wa Goma, mwaka 2021 pamoja na mke wake, Shalom.

Jumanne tarehe 4, saa mbili asubuhi, nilisukuma pikipiki hadi kwake. Mvua ilikuwa inanyesha. Kambale alipima, akasema programu iliyo ndani ya kompyuta imeharibika na itabidi aiandike upya kutoka kwenye ordinateri yake, yaani kompyuta yake ya kazi. Lakini kwanza, alisema, lazima asome ile ya zamani na kuihifadhi, ili tusipoteze vyote kazi ikienda vibaya.

Alijaribu. Ordinateri ilisoma hadi mwisho, halafu ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba imeshindwa kuhifadhi faili. Alibadilisha kable, ule waya unaounganisha ordinateri na pikipiki, ikashindwa. Aliona batri ya pikipiki imeshuka chini ya volti kumi na mbili, akaleta batri ya lori na kuiunganisha. Ikashindwa tena. Alizima programu ya kukinga virusi. Ikashindwa. Mimi nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama tena. Mama alipiga simu mara mbili. Mara ya pili sikupokea.

Karibu saa nne kasoro robo Kambale alicheka peke yake. Aliniita nitazame. Ordinateri hiyo aliinunua majuzi ikiwa imetumika, na jina la mmiliki wa zamani, Émile, lilikuwa limebaki ndani. Kila faili ilikuwa inapelekwa kwenye dossier, yaani folda, ya jina hilo. Programu yake ni ya zamani, haijui kusoma herufi yenye alama juu. Ikifika kwenye É inapotea njia.

Alisema kwa sauti, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga mabati: «Émile njo anatuzuia. Tutoke kwa Émile, tupite njia ingine.»

Upande wa pili wa barabara, kama mita sita, kuna kioske ya Damien, anayeuza vocha za simu. Damien alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Niliona anafunga kioske. Nilifikiri ni sababu ya mvua.

Kambale alitengeneza dossier mpya, akaiita MOTO1, maana pikipiki hapa tunaiita moto, bila alama yoyote. Faili ya zamani ikahifadhiwa humo mara moja, akaweka na ile mpya. Saa nne na dakika tano alianza kuandika programu mpya. Alinieleza itachukua dakika kumi na moja. Katika dakika hizo mtu asiguse ufunguo, wala batri, wala kable. Ikikatika katikati, kompyuta ya pikipiki inakufa na haiamki tena. Kishikio cha kable kilikuwa kimevunjika. Kwa hiyo aliishika kwa mkono wa kushoto, akaibana isichomoke.

Saa nne na dakika kumi Damien alirudi na watu kama kumi na watano. Wengi nawajua, ni wa avenue yetu. Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi wiki iliyopita, watu wa mtaa walikuwa wanamtazama vibaya kila anayetoka upande ule, wakisema ni jasusi wao. Hata mimi nilikuwa nimesikia maneno hayo, na sikuyajibu.

Damien aliuliza: «Émile ni nani? Uko namutumia nini?»

Kambale alisema: «Ni jina ya ordinateri. Bantu yangu, munipe dakika tano tu.»

Mwingine alisema zile nyaya na batri kubwa ni za bomu. Mwingine alisema achomoe kila kitu. Kambale alisema: «Nikiachilia hii kable, moto ya muntu inakufa. Anaenda kutafuta mama yake.» Alisema hivyo bila kugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye namba. Nakumbuka ilikuwa sitini na mbili kwa mia.

Damien alinigeukia mimi. «Mumba, weye ni mutoto wa hapa. Unamujua huyu?»

Nilisema: «Mie niko client tu. Simujui.»

Afisa ameniuliza kama maneno hayo ni ya kweli. Najibu kwamba ni ya uongo. Namjua Kambale miaka mitatu. Siku ya Mwaka Mpya nilikula kwake, Shalom alipika sombe, majani ya muhogo, na samaki, na mimi ndiye niliyeomba kuongezewa. Nilisema simjui kwa sababu niliogopa.

Baada ya mimi kusema hivyo, walianza kumpiga. Mtu mmoja, sikuona ni nani, alichukua ubao wa kiti na kumpiga nao kwenye mkono wa kushoto, ule wenye kable. Nilisikia mfupa. Kambale alipiga magoti lakini hakuachilia. Alipitisha mkono wa kulia chini, akaubana ule wa kushoto pamoja na kable kwenye kifua chake. Shalom alitoka ndani na kujilaza juu ya mgongo wake. Walimpiga na yeye pia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu la nyuma. Sikumgusa mtu na sikumzuia mtu.

Saa nne na dakika kumi na sita ordinateri ililia mara moja. Kazi ilikuwa imekwisha. Hapo tu Kambale akafungua vidole.

Polisi walifika dakika chache baadaye, wakamchukua Kambale pamoja na ordinateri. Watu walitawanyika. Niligeuza ufunguo na pikipiki ikawaka mara ya kwanza.

Niliondoka kwenda Mitwaba. Nilifika nje ya mji, mahali magari yanapopimwa mizigo, nikasimama. Nilikaa pale kama saa nzima, injini inawaka, halafu nikarudi. Nilimpigia simu jirani wa mama, akakubali kumpandisha kwenye lori la mahindi. Hadi sasa sijui kama lori limetoka.

Nimeulizwa kama Kambale aliniahidi kitu ili nije kusema haya. Hapana. Sijaonana naye tangu jana.

Nimesema niliyoyaona, na niliyoyafanya mimi mwenyewe. Sina la kupunguza.

(Sahihi) Mumba Chama

MAANDISHI YA AFISA: Shahidi amesomewa maelezo yake kwa Kiswahili na kuyakubali. Ordinateri imefunguliwa mbele yake. Dossier MOTO1 ina faili mbili za injini, zote za tarehe 4 asubuhi. Hakuna ujumbe wa mtu yeyote. Damien ameitwa kufika kesho. Kambale ameachiliwa saa sita na dakika kumi mchana, mkono wa kushoto umevimba na vidole havikunjiki. Shahidi alijitolea kumpeleka hospitali kwa pikipiki. Kambale alijibu, «Aksanti, nitatembea,» akaondoka kwa miguu pamoja na mke wake. Shahidi aliwafuata nyuma, akisukuma pikipiki bila kuiwasha.

(Sahihi) Dominique Kunda