Mama Yako Ndani ya Gemu

Chelangat msichana wangu,

Jumapili ulipopiga simu uliuliza kama ng'ombe amezaa, nikakuambia ndio, ndama ni dume. Kuna kitu kingine nilitaka kusema, lakini nikakata simu. Ndio maana naandika.

Ni ile skin ya mama.

Unakumbuka ile likizo baada ya matanga, vile ulikuwa unashinda kwa kompyuta ukitengenezea wachezaji wa gemu nguo. Mimi nilidhani skin ni ngozi. Ukacheka. "Baba, ni nguo na sura. Natoa ile yao, naweka yangu kwa folda, gemu inadanganyika." Ukanionyesha hiyo folda na kidole. Halafu siku moja ukaanza maswali. Mama alikuwa anafunga kitambaa cha kichwa mbele ama nyuma? Kikapu cha chai kilikuwa kinashuka mpaka wapi? Nikasema sikumbuki.

"Wee baba! Kwani miaka hiyo yote ulikuwa unaangalia nini?"

Tulicheka, mara ya kwanza tangu tumzike.

Ulikuwa umepiga picha aproni yake ya kuchuna chai na lesso yake, kabla shangazi zako wakuje kugawa nguo vile hufanywa. Hizo picha ndizo ulimvalisha.

Sasa nikuambie. Alasiri moja ulikuwa umeenda kukamua. Mimi nilitoka kupeleka majani ya chai, nikaingia nyumba nimelowa mvua. Kompyuta ilikuwa wazi. Mama yako alikuwa amesimama hapo na kikapu mgongoni, kitambaa kimefungwa nyuma. Hakuwa anafanya kitu. Alikuwa anapumua tu. Kifua kinapanda, kinashuka. Na mimi ndiye nilikuwa nimeshika mkono wake hospitali mpaka hiyo pumzi ikasimama.

Sikulia. Sikukasirika hata. Niliketi, nikafunga gemu, nikaingia kwa ile folda, nikafuta yote, na zile picha, halafu nikafuta hata kwa pipa la taka la kompyuta. Mikono ilikuwa inaenda tu, vile inaenda kwa chai. Kisha nikabadilisha shati.

Ulitafuta siku tatu. Nilikuwa nakuletea chai hapo ulipoketi. Mwishowe ukanifuata jikoni ukasema, "Baba, pole. Nafikiri niliweka vibaya. Nimefuta mama."

Na mimi, mzee wa kanisa, nikasema, "Ni sawa, mama. Ni mashine tu."

Hapo ndio kosa langu liko. Kufuta, labda mtu angeelewa. Lakini nilikuacha ubebe hiyo kitu. Tangu siku hiyo hujatengeneza nyingine. Ulipoenda Eldoret ukaacha kompyuta hapa, ukasema mikono yako inaharibu vitu. Nilisikia, nikaendelea kukula.

Nimeuliza shangazi yako wa Sigor kuhusu aproni. Ilipasuka akatupa. Lesso hakuna anayejua ilienda kwa nani. Kwa hivyo sina cha kukurudishia. Nikijaribu kuona mama yako, sioni yule wangu niliyeishi naye miaka ishirini, naona yule wako wa gemu, amesimama hapo.

Ukinyamaza baada ya kusoma hii, nitaelewa. Lakini jua hukufuta mama. Uliweka vizuri. Alikuwa yeye kabisa, mpaka nikaogopa.

Ni mimi niliyefanya,
baba yako.