Kaka, Mashine Yako Ilivalishwa Sweta

Kaka Festo,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni chumbani kwako, hapa nyumbani Isansa, bisibisi iko mapajani na kucha zangu nyeusi kama za fundi pikipiki. Namba yako ya Zambia haipatikani. Ile ya Afrika Kusini anaipokea mama mmoja asiyekufahamu, na ameshanichoka. Ndiyo maana barua hii naiweka wazi. Nitawatumia madereva wote ninaowajua pale Tunduma kwenye simu zao, nao waisukume mbele, kuanzia Nakonde kushuka hadi huko uliko. Ikikufikia usishtuke, hakuna aliyekufa. Kaa chini usome.

Jambo lenyewe lilianza na baba. Kahawa mwaka huu imebeba vizuri, akasema chumba chako anakitaka kiwe stoo. Halafu akainyooshea kidole kompyuta yako pale mezani. "Na hili dude, wale wa vyuma chakavu wakipita walibebe." Hakusema kwa ubaya. Unamjua baba, hana ugomvi na kitu, ila kikiacha kufanya kazi anakihesabu kimeshaondoka. Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni. Akainuka, akaingia jikoni, akauacha ungo palepale na kuku wakaanza kujihudumia. Mama yetu kuwaachia kuku maharage, nikajua kuna jambo.

Nikamwambia baba anipe muda hadi watakapoanza kuchuma. Ikikataa kuwaka, nitaibeba mwenyewe hadi barabarani niwakabidhi wa vyuma chakavu.

Baba akacheka. "Wewe unatengeneza simu, Sekela. Hili ni geti."

Na kweli ni geti. Unakumbuka ulivyoiunda? Wakati huo ulikuwa unapakia na kupakua mizigo kwenye foleni ya malori Tunduma, na mimi nimekuja kukaa nawe baada ya kumaliza kidato cha nne. Kila dereva aliyeshuka Dar ulimwagiza kipande. Mazabodi, lile bamba linalobeba kila kitu, ilikuja imezikwa kwenye ndoo ya mchele. Kadi ya picha ilikuja imeviringishwa kwenye blanketi la dereva, ikatunukishia dizeli chumba kizima. Kasha ndilo lililoshindikana, kila dereva alisema litapondeka njiani. Ukaenda kwa fundi wa mageti. Akakuchomelea fremu ya mabomba ya mraba, akaifunika bati, akaipaka bluu ileile anayopaka mageti ya watu, na kwa kuwa alikupenda akakuongezea maua mawili ya chuma kwa mbele. Hukuyaagiza. Ulicheka hadi ukakaa chini, kisha ukasema yabaki.

Taa ulizitoa kwenye urembo wa malori, zile za kijani wanazozungusha kwenye bampa. Wavu wa kupitishia hewa ulikuja kuukata huku nyumbani, kwenye kichanja cha baba cha kuanikia kahawa, naye akakusema hadi msimu ukaisha. Na kwa sababu mazabodi haitakiwi kugusana na chuma, ulikata vipande vya kandambili ukavipachika chini yake. Nilikuuliza kama wenye kompyuta za dukani nao wanafanya hivyo. Ukanijibu, "Wao hawana kandambili nzuri kama zangu."

Siku ilipowaka mara ya kwanza tulicheza mpira, ukanifunga mabao mengi hadi nikaomba nihamie timu yako. Kazi yangu nyingine ilikuwa kusikiliza feni. Uliniambia, "Ikianza kukoroma, niambie hata kama naongoza." Na nilipokuambia ulisimamisha mchezo kweli, ukafungua ubavu, ukapuliza vumbi kwa mdomo huku umefumba macho. Nilikuwa nakuona umechanganyikiwa. Leo napuliza vilevile, na macho nafumba.

Halafu ukaamua kuvuka mpaka. Mimi uliniambia unafika Lusaka kidogo tu. Mashine uliileta huku kwenye lori la mbolea, ukaipanga mezani, ukachomeka kila waya, ukamwambia mama, "Nitunzie, nitaikuta." Maneno hayo kwako yalikuwa ya kuagana. Mama aliyachukua kama kazi aliyopewa.

Sasa nikuambie alivyoifanya. Mama aliipima mashine yako kwa utepe wa fundi cherehani, mbele, nyuma na ubavuni, kisha akaifumia sweta. Sitanii. Ni vile vitambaa vyake vyeupe vya makochi, vyenye maua, ila hiki akakifuma kwa uzi mnene na kukishona pande zote kama shati, kimeshuka hadi mezani. Hata maua ya geti yametunziwa nafasi yake yachungulie. Nilipokivua mara ya kwanza nilicheka. Nilipofungua ubavu nikaacha kucheka.

Maganda ya kahawa niliyategemea, kwa sababu baba alishaanza kuweka magunia humu msimu uliopita. Vumbi letu jekundu nalo nililijua, lilikuwa limejaa hadi kwenye matundu ya kuchomekea waya. Ambacho sikukitegemea ni nyuzi. Feni la prosesa lilikuwa limejisokotea uzi mweupe wa kufumia hadi likaganda. Ile pesti ya kupozea prosesa imekauka na kupasuka. Pawa saplai, ile ya kugawa umeme, ilikuwa na harufu ya kuungua iliyokolea, na nilipoitikisa kuna kitu kikagongagonga kwa ndani.

Nikaanza na usafi, nikajiapiza sitaharakisha. Vipande vyote nilivitoa, nikavipanga juu ya kitenge kwa mpangilio ulionifundisha, cha kwanza kutoka kinakuwa cha mwisho kurudi. Maganda niliyaondoa kwa brashi ya rangi. Pesti ya zamani niliifuta kwa pamba na spiriti. Nyuzi nilizinyofoa moja moja kwa kibano cha nyusi, kazi inayotaka moyo, na ndipo mama akaingia na chai akanikuta nazo nimezirundika kwenye kisosi.

Alizitambua. Alisimama akaziangalia, sinia bado liko mkononi.

"Ni za sweta," akasema.

"Ndiyo mama. Feni limezivuta. Lakini feni haliwezi kuvuta kama mashine haijawashwa. Nani alikuwa anaiwasha?"

Akakaa kitandani kwako. Kaka, mama alikuwa anaiwasha kila Jumapili. Akitoka kanisani, kabla hajavua hata kilemba, anakuja huku anabonyeza kile kitufe ulichomwonyesha, anakwenda jikoni kupika huku inanguruma. Alisema nyumba inakuwa kama wewe uko chumbani. Skrini hakuwahi kuigusa. Alitaka mngurumo tu. Na sweta hakuwa analivua.

"Kwa nini hukulivua, mama?"

"Huku kuna baridi," akanijibu, kama mimi ndiye nisiyeelewa. "Wewe Jumapili asubuhi ungetoka bila sweta?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa inachemka ndani ya sufu, haina pa kutolea joto, na kila Jumapili inavuta uzi mwingine. Mpaka Jumapili moja mama akasikia mlio kama wa jiwe kwenye bati, ukaja moshi kidogo, kukawa kimya. Hakumwambia mtu. Aliifunika vizuri akafunga mlango. Hapo ndipo akaniambia kitu ambacho nataka ukisikie kama alivyokisema. "Alisema ataikuta. Mimi nimeiua. Akijua haipo, atarudi kufuata nini?"

Nilikasirika, kaka, sikufichi. Mama sikumkasirikia. Nilikukasirikia wewe, uliyemwachia mtu mzima zigo la maneno ukaenda zako, na simu ukazima. Nilimaliza chai yangu nikamwambia, "Mama, haijafa. Nitaiwasha." Sikuwa na uhakika hata kidogo. Ila nilishasema, na mbele ya mama siwezi kula maneno yangu.

Pawa saplai nilimwagiza Baba Joze, yule dereva aliyekuletea mazabodi. Bado anaendesha, bado anamwita kila mtu "mukwai", yaani mheshimiwa, kama Mbemba wa kuzaliwa kule Zambia wakati kwao ni Morogoro. Nilimfuata kwenye foleni pale mpakani, akasikiliza, akauliza, "Ile yenye maua?" Akaniletea safari iliyofuata, imezikwa kwenye ndoo ya mchele. Akasema ndiyo njia yake na haibadilishi. Akaniuliza na habari zako, nikamwambia bado unajitafuta. Akatikisa kichwa, akasema atauliza huko kusini kwa kila anayemjua.

Nikafunga kila kitu, nikapaka pesti mpya, nikabonyeza. Feni likazunguka kidogo, likasimama. Nikabonyeza tena, vilevile. Nikatoa ramu, nikairudisha. Nikatoa kadi ya picha. Baba akapita dirishani na jembe lake, akatazama, akaendelea na safari yake ya shambani, na hilo liliniuma kuliko angecheka. Watu walishaanza kuzungumzia vikapu vya kuchumia. Asubuhi iliyofuata niliivunja tena yote, kuanzia mwanzo, nikaapa nitaivunja na kuijenga hadi inieleze inaumwa nini.

Ilikuwa ni kandambili zako. Joto la zile Jumapili liliviyeyusha vile vipande vikawa vyembamba kama karatasi, mazabodi ikalalia chuma cha geti, na kila nikiwasha umeme unakimbilia kwenye fremu. Nikachungulia chini ya kitanda chako. Zile kandambili zako za bluu bado zilikuwepo, mama alikuwa anazifuta vumbi. Nimezikata, kaka. Nimekata vipande vinene, nikavipachika vyote. Ukirudi utatembea peku hadi tukanunue nyingine, na sitaki kusikia lawama.

Ikawaka. Taa za malori zikazunguka kijani, na mashine ikanguruma ule mngurumo wake. Nikasikia sufuria inaanguka jikoni. Mama alikuja anakimbia, mikono ina unga, akasimama mlangoni. Hakulia. Aliweka kiganja chake juu ya wavu, pale hewa inapotokea, akakiacha hapo muda mrefu, na bluu ya geti ikabaki na alama ya unga. Sijaifuta.

Sikuishia hapo. Ukishafungua kitu chote namna ile, kukirudisha kama kilivyokuwa ni uvivu. Nimeongeza ramu. Nimeweka mafeni mawili, moja linavuta na jingine linasukuma, na diski mpya ile isiyozunguka, sasa inaamka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Diski yako ya zamani ni nzima, ipo humohumo ndani. Sijaichungulia, mambo yako ni yako. Kwenye hii mpya nimefungua majina mawili, la kwako juu, la kwangu chini. La kwangu nalifanyia kazi. Kwaya ya hapa imeniletea video zao niwaunganishie, na nimewaambia wengine waje. Mashine hii haitakaa tena kama picha ya ukutani ikikusubiri. Itafanya kazi. Nimeamua hivyo, na mama amekubali.

Baba naye? Alikuja juzi mchana na koleo na kipande cha wavu amekikata kwenye kichanja. Yeye mwenyewe, kile kichanja alichokutukania. Alisema magunia yatakaa upande ule na mashine upande huu, lakini maganda yanaruka, hivyo ule wavu mmoja hautoshi. Akaufunga kwa mkono wake, akarudi nyuma akautazama. "Sasa limekuwa geti kweli," akasema, akaondoka. Kitanda chako hakijahamishwa. Habari ya vyuma chakavu hakuna aliyeizungumzia tena.

Kwa hiyo, kaka, sikuandikii kukubembeleza. Kama huko mambo hayajakaa sawa, sema hayajakaa sawa. Hapa hakuna anayesubiri gari wala zawadi. Kama unaona aibu ya kurudi mikono mitupu, mimi nimekaa sakafuni na mashine iliyoungua huku baba ananipita dirishani, aibu naijua, haiui. Tafuta simu ya mtu. Piga. Mama ndiye atakayepokea, kwa sababu siku hizi simu yangu anatembea nayo yeye.

Jana ilikuwa Jumapili. Alitoka kanisani, akaja huku na kilemba chake kichwani. Nilikuwa kitandani kwako napumzika, nikamwacha. Alilishika lile sweta kwa ncha mbili, akalivua taratibu kama anavyomvua mtoto, akalikunja, akaliweka kwenye kiti. Ndipo akabonyeza. Alipofika mlangoni akageuka.

"Unamwandikia?"

"Namwandikia."

"Mwambie siku hizi navua kwanza, ndiyo nawasha."

Nimeshakuambia.

Mdogo wako, niliyekata kandambili zako,
Sekela